Figo iliyogongwa, presha inayochelewa: mwongozo kwa makocha, wazazi na wachezaji chipukizi wa Nairobi

Winga wetu aligongwa na goti ubavuni kipindi cha pili, kwenye uwanja mmoja wa Barabara ya Ngong, Jumamosi ya mwezi wa pili. Alilala kidogo, akainuka, akashika magoti, akavuta pumzi, akacheza hadi kipenga cha mwisho. Jioni hiyo alikojoa mkojo mwekundu kama maji yaliyochemshiwa bitiruti. Mimi hakuniambia. Alimwambia mwenzake ndani ya matatu, na mwenzake akamjibu kwamba hiyo ni kawaida, kila mchezaji wa raga lazima akojoe damu walau mara moja. Habari zilinifikia Jumanne. Wiki ya tano, wakati maumivu yalishasahaulika na yeye mwenyewe ananiuliza kwa nini hayumo kikosini, presha yake ilisoma 148/94. Ana miaka 16.

Mimi ni muuguzi, na wikendi zangu nazimalizia kando ya viwanja vya raga, kandanda na ndondi za vijana hapa mjini. Jambo lililonifanya niandike haya yote ni mpangilio wa mambo figo inapoumia: maumivu huondoka kwanza, damu kwenye mkojo nayo hukoma, na presha, kama itakuja, huja wakati timu nzima imeshageuza ukurasa. Presha hiyo dalili haina. Ni mashine tu inayoijua.

Figo inapandishaje presha?

Figo zako mbili, kila moja kama ngumi, zimekaa nyuma ya tumbo pande mbili za uti wa mgongo, nusu zikiwa zimejificha chini ya mbavu za mwisho. Shika kiuno kama mama anayekungoja mlangoni usiku. Juu kidogo ya viganja, upande wa mgongoni, ndipo zilipo. Kwa siku huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, karibu yote huyarudisha mwilini, na kinachobaki ni lita moja au mbili za mkojo. Mtu mzima ana mafuta yanayozizunguka na mbavu zilizokomaa. Mtoto wa miaka 12 mafuta hayo anayo machache, mbavu zake bado zinapinda, na figo zake ni kubwa ukilinganisha na kimo chake. Pigo ambalo kocha angelicheka laweza kuipasua figo ya mtoto.

Figo imevaa utando mwembamba ulio mgumu, usiopenda kutanuka. Mshipa ukipasuka chini ya utando huo, damu hukosa pa kwenda. Hujikusanya, huganda na kuibana figo. Aliyewahi kupanga kwenye maghorofa ya Pipeline ataelewa haraka kinachofuata. Bomba la nyumba moja limebanwa na jiwe na maji yanatoka matone. Mpangaji jiwe halioni, anaona maji ni machache, basi anampigia keateka awashe pampu. Pampu inawashwa, kwake bado ni matone, anapiga tena. Mwishowe mabomba ya ploti nzima yanatetemeka kwa sababu ya nyumba moja. Figo iliyobanwa hudhani damu imepungua mwilini, kwa hiyo humwaga kemikali iitwayo renini. Renini huanzisha mfululizo unaokaza mishipa ya mwili mzima na kuzuia chumvi na maji yasitoke. Presha inapanda, na kumbe damu ilikuwa ya kutosha tangu mwanzo.

Mwaka 1939 daktari Mmarekani, Irvine Page, alifunga figo za wanyama kwa selofani, karatasi ile inayong'aa ya kufungia vitu, na presha zao zikapanda. Mwaka 1955 akashiriki kueleza kisa cha binadamu ambaye figo yake ilibanwa na damu iliyoganda chini ya utando. Hadi leo madaktari huita hali hiyo figo ya Page.

Si kila anayegongwa hufika huko. Michubuko mingi hupona bila kelele. Ila wa kufika huwezi kumjua kwa kumtazama usoni, na presha yaweza kujitokeza baada ya siku chache, baada ya miezi, na kwa baadhi ya watu baada ya miaka.

Hatua ya 1: Mpime akiwa mzima

Hapa ndipo timu nyingi zinaposhindwa, na hapa ndipo kazi ilipo rahisi kuliko kote. Kama hujui presha ya mchezaji wako ilikuwa ngapi Januari, ile 128/78 ya Machi haitakwambia kitu. Nunua daftari la kawaida la kurasa 96. Kila mchezaji apate kurasa mbili, jina juu, na tarehe ya kuzaliwa.

Kabla ya mashine, kaa na mzazi umwulize. Mtoto aliwahi kuvimba uso au miguu asubuhi? Aliwahi kuugua njia ya mkojo mara kwa mara akiwa mdogo? Kuna mtu nyumbani mwenye presha au anayesafishwa damu? Ana selimundu, au aliwahi kuambiwa amebeba chembe yake? Hili la mwisho ulize kwa upole, hasa kwa familia zenye asili ya magharibi mwa Kenya na Pwani, kwa sababu wabebaji wake wanaweza kukojoa damu bila kugongwa na wako hatarini zaidi wakikimbizwa kupita kiasi. Na swali ambalo wengi hulicheka: una figo ngapi? Takriban mtu mmoja kwa kila elfu huzaliwa na figo moja, na wengi wao hugundua siku wanapopigwa altrasaundi kwa jambo lingine kabisa.

Sasa kupima. Wengi wanapima vibaya, na ninasema hivyo nikijua kwamba hata sisi wa hospitali tunafanya hivyo foleni ikiwa ndefu. Mchezaji asiwe ametoka kukimbia. Apumzike nusu saa. Asiwe amekunywa kahawa wala vinywaji vya kuongeza nguvu, na kwa wakubwa uliza waziwazi kuhusu muguka na miraa, maana zote mbili hupandisha presha na mapigo ya moyo. Akojoe kwanza. Akae kwenye kiti chenye mgongo, nyayo chini, miguu isipishane, dakika tano bila simu. Mkono wa kulia ukae juu ya meza usawa wa moyo. Usimpime juu ya jezi. Pima mara mbili tatu, ukipumzika dakika moja katikati.

Kisha mkanda wa mashine, ule unaofungwa mkononi. Nilikuwa na propu mmoja (mchezaji wa mstari wa mbele wa raga) wa miaka 17, mkono wake mnene kama paja la mtu, aliyekuwa akisoma 142/88 kila wiki. Nilichukua futi ya fundi cherehani nikapima katikati ya mkono wa juu: sentimita 36. Mkanda wangu ulikuwa umeandikwa 22 hadi 32, maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyasoma kwa miaka mingi. Tulipoazima mkanda mkubwa akasoma 124/76. Mkanda mdogo hupandisha namba kwa uongo, na mkubwa kwa mtoto mwembamba huishusha kwa uongo, jambo ambalo ni baya zaidi kwa sababu hukupa amani usiyostahili. Pima mkono, soma mkanda, ndipo uamini mashine.

Kama timu haina mashine, wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa tangu mwaka 2023 wana mashine ya presha ndani yake. Muulize wa mtaa wako aje siku ya mazoezi. Wetu alikuja kwa furaha, akapima hadi mwenye kibanda cha smoki getini.

Kwa vijana wa miaka 13 na zaidi, mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2017, ambao hutumika sana, unasema hivi: chini ya 120/80 ni sawa. Namba ya juu ikiwa 120 hadi 129 na ya chini bado iko chini ya 80, presha imeanza kunyanyuka. Kuanzia 130/80 ni presha ya juu ya daraja la kwanza. Kuanzia 140/90 ni daraja la pili. Walio chini ya miaka 13 huangaliwa kwa jedwali la umri, jinsia na kimo, kwa hiyo usimtangazie mama wa mtoto wa miaka 9 kwamba 118/78 ni nzuri kwa sababu kwako ingekuwa nzuri. Mpe kliniki namba hiyo pamoja na kimo. Na kipimo kimoja hakimpi mtu ugonjwa. Kama ni daraja la kwanza na hana dalili, rudia siku nyingine, na nyingine.

Siku hiyohiyo pima mkojo kwa kijiti, kile kinachobadili rangi kikigusa damu au protini. Vijiti huuzwa kemisti kwa kopo. Chukua mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwa sababu vijana wengi hutoa protini kidogo wakishinda wamesimama, na wa jioni utakutisha bure.

Hatua ya 2: Saa ya kugongwa

Pigo la kuogopa ni la ubavuni au mgongoni chini ya mbavu: goti, kiwiko, kiatu, bega la anayekaba kutoka upande, kuangukia mpira. Kwa watoto, baiskeli ni mkosaji mkubwa kuliko michezo mingi tunayoiogopa, kwa hiyo aliyeanguka kwenye vijia vya Karura usukani ukamchoma tumboni naye anahusika hapa.

Mtoe nje. Usimruhusu "kukimbia aone kama itaachia". Mlaze, shika mapigo ya moyo mkononi. Akiwa anapauka, jasho la baridi, mapigo ya haraka na dhaifu, tumbo limekaza au anazimia, anavuja damu ndani: gari lolote, hospitali, sasa hivi. Asipewe chakula wala kinywaji njiani, huenda akahitaji upasuaji.

Akiwa imara, mpime presha na uiandike na saa yake. Kisha mpe chupa ya maji tupu, ya plastiki isiyo na rangi, akojoe humo. Vijana wataona haya na watacheka, waache wacheke. Inua chupa kwenye mwanga. Waridi, nyekundu, rangi ya koka: hospitali leo, si Jumatatu. Mkojo ukionekana safi, tumia kijiti, maana damu kidogo haionekani kwa macho. Na ukiwa safi hata kwa kijiti lakini pigo lilikuwa zito na ubavu unauma ukiugusa, bado mpeleke. Jeraha baya kabisa, la mshipa mkuu wa figo kukatika, linaweza kutotoa hata tone la damu kwenye mkojo.

Nini usifanye: usimkande ubavu kwa dawa ya moto, na usimpe ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini. Hizi hupunguza damu inayoingia kwenye figo, huchelewesha damu kuganda na hupandisha presha, mambo matatu ambayo huyataki leo. Parasetamoli ya kipimo chake inatosha. Nina ugomvi wa kudumu na mifuko ya huduma ya kwanza ya timu: ukifungua, utakuta diklofenaki, bandeji iliyokwisha nata, na diklofenaki nyingine.

Mtu mmoja, mzazi, alijitetea kwangu hivi: "Daktari, si tungoje kwanza tuone kesho?" Nilimjibu kwa ile tuliyokua nayo sote: ngoja ngoja huumiza matumbo. Safari hii ni tumbo kweli.

Hatua ya 3: Hospitalini

Iwe Mama Lucy, Mbagathi, Kenyatta au hospitali ya binafsi iliyo karibu nawe, nenda na daftari. Ukurasa wenye presha ya Januari na ya leo humwonyesha daktari wa zamu mabadiliko ambayo maneno hayawezi kumwonyesha. Sema sehemu iliyogongwa, ilivyogongwa, saa ngapi, na rangi ya mkojo. Beba ile chupa ikiwezekana.

Utarajie kipimo cha mkojo, cha damu kuangalia kiwango cha hemoglobini na kreatinini (taka inayoonyesha figo zinachuja vipi), na altrasaundi. Damu inayoonekana kwa macho baada ya pigo zito kwa kawaida huhitaji skani ya CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa, maana altrasaundi yaweza kukosa mpasuko mdogo. Majeraha hupangwa kwa madaraja 5: la kwanza ni mchubuko au damu chini ya utando, la tano ni figo iliyosambaratika au kukatika mshipa wake. Mengi ni ya madaraja ya chini, na hata mengi ya juu siku hizi hutibiwa kwa kulazwa, kupumzika na kufuatiliwa bila kisu.

Kabla hujaondoka na karatasi ya kuruhusiwa, uliza maswali matatu: jeraha ni la daraja gani, kuna damu iliyokusanyika chini ya utando, na tunarudi lini kupigwa picha tena? Winga wetu aliruhusiwa bila yeyote kumwambia mama yake neno "presha". Sitaji ni wapi; foleni ilikuwa ndefu na kila mtu alikuwa amechoka. Lakini kwenye karatasi yake pameandikwa tu "apumzike".

Kuhusu gharama: SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na mchezaji aliye chini ya miaka 18 huandikwa chini ya mzazi. Usajili unafanyika kwa simu kupitia *147#. Fanyeni hivyo kabla ya msimu, kwa sababu kumtafutia mama kitambulisho saa mbili usiku mlangoni mwa wodi ya dharura si mchezo.

Hatua ya 4: Miezi inayosahaulika

Ratiba ninayoitumia ni hii. Wiki ya kwanza, presha kila siku, asubuhi, na mkojo uangaliwe kila anapokojoa hadi uwe safi. Halafu mara moja kwa wiki hadi wiki ya nane. Halafu mara moja kwa mwezi hadi mwaka utimie. Baada ya hapo, angalau mara moja kila mwaka, maisha yake yote, na kila daktari mpya aambiwe: niliwahi kuumia figo. Kijiti cha mkojo kifuatane na presha miezi yote hiyo, ukitafuta damu na protini.

Wiki nane ni nyingi kwa kijana wa miaka 16. Njia iliyotusaidia ni kumpa kazi: akawa anaandika daftari la wengine siku za mazoezi, na akijipima mwenyewe mbele yangu. Namba zake zilikwenda hivi. Januari 118/72. Jioni ya Jumanne ile 122/76. Wiki ya pili 126/78. Wiki ya nne 134/84, nami nikajiambia labda ni wasiwasi wa mtihani. Hapo nilikosea. Wiki ya tano 148/94, mikono yote miwili, mkanda sahihi, baada ya kukaa dakika kumi.

Ukiona 130/80 au zaidi kwa aliyeumia figo, rudia siku mbili tatu zinazofuata, na ikibaki hapo rudi hospitali wiki hiyohiyo. Ukiona 140/90, usingoje wiki. Ikizidi 180/120, au yoyote ya juu inayoambatana na kichwa kuuma sana, kuona ukungu, kutapika, kuchanganyikiwa au degedege, hiyo ni dharura ya usiku wa manane. Lakini wengi hawasikii chochote. Winga wetu alikuwa anacheka nami huku mashine ikisoma 148.

Mama yake alipofika alikuwa na swali moja.

"Daktari, si alishapona?"

"Maumivu yamepona, Mama. Figo bado inabanwa."

Skani ilionyesha donge la damu kuukuu limeizunguka figo ya kushoto kama ganda. Daktari wa figo alimweka kwenye dawa ya kuzuia ule mfululizo wa renini na akaamua kungoja donge lenyewe liyeyuke. Wengine huhitaji kunyonywa damu hiyo kwa mrija au kufanyiwa upasuaji. Dawa hizi hazinunuliwi kwa kukisia kemisti: zinahitaji kupima kreatinini na potasiamu, husimamishwa mtu akiharisha au kutapika sana, na msichana anayeweza kushika mimba lazima daktari azungumze naye kwanza.

Kwa aliye kwenye ngazi ya mashindano ya taifa, kuna jambo la ziada. Dawa za presha zinazokojoza maji zimo kwenye orodha ya zilizopigwa marufuku michezoni wakati wote, na baadhi ya dawa za kupunguza kasi ya moyo zimepigwa marufuku kwenye michezo ya shabaha. Mwambie daktari mapema kwamba mgonjwa ni mwanamichezo, achague nyingine ikiwezekana. Kama haiwezekani, ombeni ruhusa ya matibabu kupitia ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa haramu michezoni, kabla ya kushindana, si baada ya kuitwa kupimwa.

Figo inayoumia bila kuguswa

Kuna kocha ambaye adhabu yake ya kuchelewa ni kuruka kichura raundi tatu za uwanja. Misuli ya mapaja ikifanyishwa kazi isiyoizoea, juani, mwili ukiwa mkavu, huvunjika na kumwaga protini yake kwenye damu, na protini hiyo huziba figo. Siku moja hadi tatu baadaye kijana hawezi kushuka ngazi, mapaja yamevimba, mkojo ni wa rangi ya koka na ni mchache. Hiyo ni dripu na hospitali siku hiyo. Ongeza ibuprofeni juu yake na umeikaanga figo. Kichura kama adhabu kiondolewe, na sijali utamaduni wa timu unasema nini.

Mtoto aliyeumwa koo au aliyekuwa na vidonda vya ngozi, halafu wiki moja hadi sita baadaye anakojoa kahawia, uso umevimba asubuhi na presha iko juu, anaweza kuwa na uvimbe wa vichujio vya figo. Hauhusiani na mechi kabisa, lakini wewe mwenye daftari ndiye utakayemwona kwanza. Vilevile aliyerudi likizo ya Desemba kutoka kwa nyanya yake Kwale na anakojoa damu mwisho wa mkojo, fikiria kichocho. Na mwenye presha ya juu mkononi lakini mapigo ya paja ni dhaifu kuliko ya mkono apelekwe kwa daktari wa moyo, maana mshipa mkuu waweza kuwa umebanwa tangu kuzaliwa.

Mazoezi makali yenyewe huweza kuleta damu kidogo kwenye mkojo kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Husafika ndani ya saa 24 hadi 72 za kupumzika. Isiposafika, si mazoezi.

Unga wa kuongeza misuli uliojaa kemikali zisizoandikwa, sindano za homoni za gym za mtaani, na makopo ya kuongeza nguvu mawili kabla ya mechi: vyote hupandisha presha, na homoni zimewahi kuharibu vichujio vya figo. Chumvi nayo. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote. Smoki mbili, chipsi zilizonyunyiziwa mara mbili na mchuzi wa viungo vya pakiti, na umeshamaliza kabla ya chakula cha jioni.

Hatua ya 5: Kurudi uwanjani

Mchubuko mdogo, kwa kawaida wiki 2 hadi 6. Mpasuko mkubwa, miezi, wakati mwingine nusu mwaka na zaidi. Kalenda haitoshi. Nataka kuona mkojo safi kwa kijiti mara mbili mfululizo, presha ya kawaida, ubavu usiouma ukigongwa kwa ngumi nyepesi, picha ya mwisho iliyosomwa, na barua ya daktari inayosema neno "kugongana", si "mazoezi" tu. Aanze na kukimbia taratibu, kisha mpira bila kukabwa, kisha kukabwa mazoezini, na presha ipimwe baada ya kila kipande. Mwenye presha ya daraja la pili asiruhusiwe kunyanyua vyuma vizito, mieleka wala ndondi hadi ishuke. Fulana zenye sponji ubavuni vaa ukipenda, ila usimwambie mzazi kwamba zimeondoa hatari.

Mwenye figo moja? Huo ni mjadala wa familia na daktari wa figo, na jibu si hapana moja kwa moja. Jonah Lomu wa New Zealand alicheza raga ya juu kabisa akiwa na ugonjwa wa figo, akapandikizwa mwaka 2004, akafariki Novemba 2015 akiwa na miaka 40. Ivan Klasnić wa Kroatia alipandikizwa figo mwaka 2007 na mwaka uliofuata akafunga mabao kwenye Euro. Vijana wetu hukumbuka mabao. Mimi huwaambia pia kuhusu kliniki, vidonge na vipimo vilivyokuwa nyuma ya pazia.

Winga wetu alirudi kukabwa mazoezini mwezi wa tisa, vidonge vikiwa vimepunguzwa nusu. Mechi ya kwanza alicheza dakika 20, akatoka, akaja moja kwa moja kwenye kiti changu akakunja mkono wa jezi kabla sijamwita. Mstari wa mwisho kwenye ukurasa wake ni wa Novemba, kwa mwandiko wake mwenyewe: 118/74, mkojo safi. Kurasa zake mbili zimejaa. Nimemgundishia ya tatu kwa selotepu.